Nat Holman, mwalimu wa mpira wa kikapu aliyeadhibiwa kwa kutojua

Usiku wa Februari 17, 1951, treni iliyotoka Philadelphia ilikuwa ikielekea New York ikiwa imewabeba vijana wa timu ya mpira wa kikapu ya City College, chuo cha umma cha jiji hilo. Saa chache kabla walikuwa wamewafunga wenyeji wao, Temple, pointi 95 kwa 71, na behewani hapakukosekana vicheko. Lakini miongoni mwa abiria walikuwamo pia wapelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan. Walimwita kocha kando wakamweleza kwamba baadhi ya wachezaji wake wangehitajika kwa mahojiano mara treni itakapofika. Kocha aliwarudia vijana wake na kuwaambia kwamba asiye na hatia moyoni hana sababu ya kuogopa. Katika stesheni ya Pennsylvania watatu kati yao walichukuliwa. Kabla ya usiku huo kwisha, walikuwa wamekiri kupokea fedha za wacheza kamari ili kupunguza ushindi wa timu yao, na wakati mwingine kushindwa kabisa.

Kocha huyo alikuwa Nat Holman, mwenye umri wa miaka 54, mtu ambaye magazeti ya Marekani yalizoea kumwita Bwana Mpira wa Kikapu. Miezi kumi na mmoja tu kabla ya usiku huo, alikuwa amefanya jambo ambalo halijarudiwa na timu yoyote hadi leo: kutwaa mashindano makubwa mawili ya vyuo vya Marekani katika msimu mmoja. Wachezaji waliompa sifa hiyo ndio hao waliokuwa wakitoka stesheni wakiwa mikononi mwa polisi.

Mtoto wa mtaa wa wahamiaji

Holman alizaliwa Oktoba 19, 1896, katika Lower East Side, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Manhattan. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi, na baba yake aliendesha duka dogo la vyakula. Nyumbani walikuwa watoto kumi. Mpira wa kikapu wenyewe ulikuwa bado mchanga, kwani James Naismith alikuwa ameubuni huko Springfield, Massachusetts, miaka mitano tu kabla ya kuzaliwa kwake.

Mtaa ule ulikuwa na msongamano mkubwa wa watu, na viwanja vya nyasi havikuwapo. Mchezo usiohitaji zaidi ya chumba kipana, mpira mmoja na pete mbili za chuma uliwafaa watoto wa maskini kuliko mwingine wowote. Wakfu za hisani, kama ile ya Henry Street iliyoanzishwa na muuguzi Lillian Wald, zilikuwa na kumbi ambamo watoto wa wahamiaji walijifunza Kiingereza, usafi na michezo. Holman alikulia humo na katika uwanja wa Seward Park. Katika shule ya sekondari ya Commerce alicheza karibu kila mchezo uliokuwapo, soka ikiwemo, ambako alisimama golini. Timu ya besiboli ya Cincinnati ilitaka kumwajiri, lakini yeye alichagua kwenda katika chuo cha Savage kusomea ualimu wa elimu ya viungo. Uamuzi huo unamweleza vizuri. Tangu ujana wake alikuwa mchezaji aliyetaka kuwa mwalimu, na kwa miaka mingi alikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja.

Alihitimu mwaka 1917, akalitumikia jeshi la majini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1919 City College ikamkabidhi timu yake kuu ya kikapu. Alikuwa na miaka 23 tu, umri usiozidi sana ule wa wachezaji aliowafundisha. Wakati huohuo alikuwa tayari akicheza kwa malipo jioni na mwishoni mwa wiki.

Mchezo wa ndani ya wavu

Msomaji aliyezoea mpira wa kikapu wa leo angepata taabu kuutambua ule wa siku hizo. Katika kumbi nyingi za mashariki mwa Marekani uwanja ulizungushiwa wavu wa waya au wa kamba, ili mpira usitoke nje na ili watazamaji wasiwafikie wachezaji. Mchezaji aliyesukumwa kwenye waya alitoka na michubuko mwilini. Baada ya kila kikapu mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya, desturi iliyoondolewa mwaka 1937, na ndiyo sababu timu nzima ingeweza kumaliza usiku na pointi 25 ikahesabiwa kuwa imefanya vema. Mechi nyingi zilichezwa katika kumbi za dansi. Filimbi ya mwisho ikishalia, bendi ilianza kupiga na watazamaji wakaingia uwanjani kucheza muziki.

Mikataba ilikuwa hafifu. Mchezaji hodari aliweza kuvaa jezi ya timu tatu au nne ndani ya msimu mmoja, akienda kila usiku kwa aliyetoa fedha zaidi. Holman naye alifanya hivyo. Alicheza nafasi ya mlinzi, yaani mchezaji wa nyuma anayeuongoza mpira na kupanga mashambulizi. Hakuwa mrefu wala mwenye misuli ya kutisha. Silaha zake zilikuwa macho yake, wepesi wa pasi zake na mtupo wake wa mikono miwili kutoka mbali. Alikuwa na silaha nyingine pia, ambayo wapinzani waliichukia: alijua kuigiza. Mkono ukimgusa kidogo, Holman aliyumba na kuonyesha uso wa mtu aliyeumizwa, na mwamuzi akapuliza filimbi. Mitupo ya adhabu aliipiga kwa usahihi wa kuudhi.

Aprili 1921 jiji la New York liliandaa pambano kati ya timu zake mbili bora, Whirlwinds aliyoichezea Holman, na Original Celtics. Mechi ya kwanza ilichezwa katika jengo la kikosi cha jeshi la akiba mbele ya watu wapatao 11,000, idadi iliyokuwa kubwa mno kwa mchezo huo. Whirlwinds walishinda 40 kwa 27, na kati ya pointi hizo 40, Holman peke yake alifunga 22. Celtics walishinda mechi ya pili kwa pointi mbili, na ya tatu haikuchezwa. Wamiliki wa Celtics walifanya kile ambacho matajiri wa michezo hufanya mpaka leo. Walimnunua aliyewashinda.

Timu hiyo, ambayo haina uhusiano na Boston Celtics iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa na jina la Kiayalandi lakini ndani yake walikuwamo Waayalandi, Wayahudi na Wajerumani, wote watoto wa mitaa ya New York. Mmiliki wake, Jim Furey, aliwafunga wachezaji kwa mikataba ya msimu mzima na mshahara maalumu, jambo lililokuwa geni. Matunda yake yalionekana haraka. Watu watano wanaocheza pamoja kila usiku, wakisafiri katika treni moja na kula meza moja, walianza kuelewana bila kusemezana. Walizoea kubadilishana wapinzani wa kukaba badala ya kila mmoja kumfuata mtu wake popote. Waliutumia sana mtindo wa kutoa pasi na kukimbilia mbele kuupokea tena mpira uleule. Dutch Dehnert alijifunza kusimama karibu na kikapu akiwapa mgongo wapinzani, akawa kama nguzo ambayo wenzake waliizunguka. Celtics walisafiri sehemu kubwa ya Marekani wakicheza zaidi ya mechi mia moja kwa mwaka, na kushindwa kwao kulikuwa habari ya gazeti.

Timu moja ambayo haikuwaogopa ilitoka Harlem. Hiyo ni New York Renaissance, au Rens, timu ya wachezaji weusi iliyoanzishwa mwaka 1923 na Bob Douglas, mhamiaji kutoka kisiwa cha St. Kitts. Mwishoni mwa 1925 Rens waliwashinda Celtics kwa mara ya kwanza, na mechi kati yao zikawa miongoni mwa zilizojaza kumbi kuliko nyingine zote. Hata hivyo, Celtics walipojiunga na ligi ya kulipwa ya American Basketball League katika msimu wa 1926-27, mlango huo haukufunguliwa kwa Rens. Celtics walitwaa ubingwa wa msimu huo na wa uliofuata, na kwa wepesi uliowakera watu. Timu ikavunjwa mwaka 1928 na wachezaji wake wakagawiwa kwingine ili ligi ipate ushindani. Holman alicheza misimu michache zaidi, ikiwemo Chicago, kisha akatundika viatu.

Jambo la kushangaza ni kwamba miaka yote hiyo hakuiacha City College. Mchana alisimama na filimbi mbele ya wanafunzi, usiku akapanda treni kwenda kucheza mji mwingine, na kesho yake akarudi darasani. Tangu 1922 alikuwa pia ameanza kuandika vitabu vya kufundishia mchezo, akiuchambua kama mhandisi achambuavyo mashine. Hadi 1950 alikuwa ametoa vinne.

Kilima cha Harlem

City College ilianzishwa mwaka 1847 ili watoto wa watu wa kawaida wapate elimu ya juu bila ada. Kilichohitajika ni alama nzuri. Majengo yake ya mawe yanasimama juu ya kilima huko Harlem, na katika miaka ya Holman wanafunzi wengi walikuwa watoto wa washona nguo, wauza duka na madereva, waliokuja asubuhi kwa treni ya chini ya ardhi na kurudi jioni kwa wazazi wao. Chuo hakikutoa misaada ya fedha kwa wanamichezo. Hakikuwa na mabweni wala wafadhili wa kuwanunulia suti.

Kwa vijana hao Holman alikuwa kielelezo. Alikuwa ametoka mtaa uleule wa maskini, lakini alivaa nadhifu, alizungumza kwa lafudhi iliyochongwa kwa uangalifu, na alitembea kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Waliomchezea walimkumbuka kwa heshima iliyochanganyika na ubaridi. Alifundisha kwa ukali, akirudia zoezi moja hadi miguu ilijua la kufanya. Alitaka mchezaji asiye na mpira awe katika mwendo daima na macho yake yasiuache mpira. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na mchezaji kumuuliza habari za nyumbani, na inasemekana hata majina ya vijana wake aliyakosea mara kwa mara. Kazi ya kuwatafuta vijana mitaani, kuwasikiliza na kuzungumza na wazazi wao aliiachia msaidizi wake, Bobby Sand. Umbali huo kati yake na wachezaji ungekuja kutajwa sana baadaye.

Alikuwa mkaidi pia. Mwishoni mwa 1936 Hank Luisetti wa Stanford alipokuja New York na kuwashangaza watu kwa kurusha mpira kwa mkono mmoja, Holman alitamka kwamba ikibidi kufundisha mtupo wa namna hiyo ataacha ukocha. Hakuacha. Miaka michache baadaye vijana wake walikuwa wakirusha kwa mkono mmoja kama wengine wote.

Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Red Holzman, naye mlinzi, naye mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Holzman alikuja kuwa kocha wa New York Knicks na kuwapa ubingwa wa mwaka 1970 na 1973 kwa mchezo wa pasi na wa kumtafuta mwenzako aliye huru, mchezo ambao mtu yeyote aliyewahi kukaa katika ukumbi wa City College angeutambua mara moja.

Wakati huo mpira wa vyuo ulikuwa umekwisha kuwa biashara. Kuanzia Desemba 1934, mwandishi wa michezo aitwaye Ned Irish alianza kuandaa mechi mbili kwa usiku mmoja katika ukumbi wa Madison Square Garden. Watu zaidi ya 16,000 walijaa. Mwenye ukumbi alipata fedha, vyuo vilipata fedha, magazeti yaliuzwa, na nje, kwenye korido na vibanda vya simu, wacheza kamari walipata fedha nyingi kuliko wote. Waliokuwa katikati ya uwanja ndio pekee ambao kwa mujibu wa kanuni hawakupaswa kupata kitu.

Majira ya kuchipua ya 1950

Timu ya City College ya msimu wa 1949-50 ilikuwa na sura ya jiji lenyewe. Ed Warner na Floyd Layne walikuwa vijana weusi. Ed Roman, Irwin Dambrot na Al Roth walikuwa Wayahudi. Wakati ambapo vyuo vingi vikubwa, hasa vya kusini, havikumruhusu mtu mweusi hata kuvaa jezi, watano hao walianza mechi pamoja na mji ukawapenda.

Hawakutarajiwa kushinda chochote. Walishindwa mechi tano za kawaida, na mwaliko wa mashindano ya NIT, ambayo wakati huo yalikuwa na hadhi kubwa kuliko ya NCAA, waliupata katika dakika za mwisho. Wakaanza kwa kuwaondoa mabingwa watetezi, San Francisco. Kisha wakakutana na Kentucky ya kocha Adolph Rupp, bingwa wa NCAA kwa miaka miwili mfululizo, timu ya wazungu watupu. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wachezaji wa Kentucky walikataa kuwapa mkono vijana weusi wa City College kabla ya mechi. Matokeo yalikuwa 89 kwa 50. Rupp hakuwa amewahi kufungwa namna hiyo. Katika fainali City College waliishinda Bradley, timu iliyoshika nafasi ya kwanza nchini, 69 kwa 61.

Siku kumi baadaye, Machi 28, walikutana na Bradley tena, safari hii katika fainali ya NCAA, na katika ukumbi uleule. Dakika za mwisho Bradley walikaribia kuwafikia. Gene Melchiorre aliingia chini ya kikapu kutupa mpira ambao ungewapa uongozi, lakini Dambrot akauzuia, akamtupia Norm Mager aliyekuwa peke yake mbele, naye akafunga. City College 71, Bradley 68. Kesho yake masomo yalisimamishwa na maelfu ya wanafunzi wakaimba mbele ya majengo ya chuo. Holman alikuwa amefika kileleni. Baadaye kanuni zilibadilishwa, na timu moja haikuweza tena kushiriki mashindano yote mawili.

Pointi zilizouzwa

Kamari iliyoharibu kila kitu haikuhitaji mchezaji aitie timu yake aibu. Wacheza kamari hawakubashiri nani atashinda tu, bali atashinda kwa tofauti ya pointi ngapi, jambo linalojulikana leo na kila kijana anayebashiri mechi kwa simu yake. Ikiwa City College ilitarajiwa kushinda kwa pointi kumi, mchezaji aliyenunuliwa angeweza kushinda kwa sita, akafurahi pamoja na wenzake, na bado akawa amemtajirisha mtu aliyekaa jukwaani. Pasi moja iliyochelewa ilitosha, au mtupo mmoja uliogonga chuma. Nani angejua?

Hilo ndilo swali lililomfuata Holman hadi mwisho wa maisha yake.

Mapema 1951 Junius Kellogg, mchezaji mweusi wa kwanza wa chuo cha Manhattan, aliahidiwa dola 1,000 ili aivuruge timu yake. Alikwenda kumweleza kocha wake, na kocha akawaita polisi. Kutoka hapo mwendesha mashtaka Frank Hogan aliufuata uzi hadi kwa Salvatore Sollazzo, muuza vito aliyekuwa akiwalipa vijana hadi dola 1,500 kwa mechi moja, akimtumia mchezaji wa zamani wa chuo cha Long Island kama dalali. Ilibainika kwamba City College walikuwa wameuza mechi kadhaa, zikiwemo tatu za msimu huo walizoshindwa na Missouri, Arizona na Boston College. Mechi za mashindano mawili ya 1950 hazikutajwa kati ya zilizouzwa.

Roman, Roth na Warner walikamatwa usiku ule wa treni. Siku chache baadaye zamu ilimfikia Layne, ambaye wenzake walikuwa wamembeba mabegani kama mtu safi pekee aliyebaki. Aliwapeleka wapelelezi nyumbani kwao Bronx na kuwaonyesha karibu dola 3,000 alizozificha ndani ya udongo wa chungu cha maua. Karibu zote zilikuwapo. Kwa jumla wachezaji saba wa City College walihusishwa, na uchunguzi ulipopanuka ukawakuta wachezaji 32 wa vyuo saba katika mechi 86 zilizochezwa kati ya 1947 na 1950.

Mwanzoni wengi nje ya New York waliliona jambo hilo kuwa ugonjwa wa jiji kubwa. Rupp alijigamba kwamba wacheza kamari wasingeweza kuwakaribia vijana wake. Kabla ya mwaka kwisha, wachezaji wa Bradley, Melchiorre akiwamo, na nyota watatu waliowahi kuichezea Kentucky walikuwa nao wamekamatwa. Kwa hiyo wale wawili ambao City College iliwashinda kwa shangwe mwaka 1950 walikuwa na doa lilelile.

Sollazzo alihukumiwa kifungo cha miaka 8 hadi 16. Vijana wengi wa City College walipewa vifungo vya nje, lakini Warner, yatima aliyelelewa Harlem, alipelekwa jela miezi sita. Ligi ya NBA iliwafungia milango wote maisha. Chuo nacho hakikutoka salama, kwani uchunguzi ulionyesha kwamba alama za shule za baadhi ya wachezaji zilighushiwa ili waweze kupokelewa. Timu ilitolewa Madison Square Garden na kurudishwa katika ukumbi wake mdogo.

Alipaswa kujua?

Hakuna aliyemshtaki Holman kwa kupokea hata senti moja. Kosa aliloshtakiwa lilikuwa gumu zaidi kulithibitisha na gumu zaidi kulikana. Novemba 1952 bodi ya elimu ya juu ya jiji ilimsimamisha kazi pamoja na Sand, ikimtuhumu kwa mwenendo usiomstahili mwalimu na kwa kutotimiza wajibu wake. Hoja ilikuwa kwamba mtu anayeujua mchezo kuliko mtu yeyote Marekani hangeweza kukaa hatua chache kutoka uwanjani, msimu hadi msimu, asione kwamba pasi zinachelewa makusudi.

Utetezi wake ulikuwa kwamba hakujua. Kwa mtu aliyeitwa Bwana Mpira wa Kikapu, huo ulikuwa utetezi mchungu: ama alikuwa amejua akanyamaza, ama jicho lake halikuwa kali kama ilivyodhaniwa. Wapo walioona kwamba aliwajua wachezaji kama miguu na mikono, si kama watu, na kwamba Sand ndiye aliyekuwa karibu nao. Upande wa pili unastahili kusemwa pia. Kijana aliyelipwa kukosa mtupo mmoja hatofautiani kwa sura na kijana aliyechoka, na katika kumbi nyingine makocha wenye macho mazuri hawakuona lolote vilevile. Wengi wao hawakuhojiwa kama yeye.

Machi 1954 bodi ilimfukuza kazi. Agosti mwaka huohuo kamishna wa elimu wa jimbo la New York aliutengua uamuzi huo na kuamuru arejeshwe na kulipwa mishahara yake. Alirudi kufundisha, lakini timu aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Ilicheza dhidi ya vyuo vidogo, mbele ya mamia ya watu badala ya maelfu. Alipumzika mwaka 1956, akarejea kwa msimu wa 1959-60, kisha akaondoka kabisa akiwa na ushindi zaidi ya 420. Sand, ambaye hakuwa na jina kubwa la kumkinga, aliondolewa kwenye ukocha na kupewa kazi za mezani.

Maisha ya baadaye ya Holman yalikuwa tulivu. Mwaka 1949 alikuwa Mmarekani wa kwanza kwenda kufundisha mpira wa kikapu katika taifa jipya la Israeli, na katika miaka ya 1970 aliongoza kamati ya Marekani iliyosaidia michezo nchini humo. Kila kiangazi alikuwa katika kambi yake ya watoto iitwayo Scatico, kaskazini mwa jiji la New York. Mwaka 1964 aliingizwa katika Jumba la Watu Mashuhuri la mpira wa kikapu huko Springfield, na aliingia kama mchezaji, si kama kocha. Mkewe, Ruth, alifariki mwaka 1967.

Floyd Layne hakuruhusiwa kucheza NBA hata siku moja. Alirudi mitaa ya Bronx kufundisha vijana, na mmoja wa waliopitia mikononi mwake alikuwa Nate Archibald, mlinzi mfupi ambaye katika msimu wa 1972-73 aliongoza NBA nzima kwa pointi na kwa pasi za kufungisha. Mwaka 1974 City College ilihitaji kocha mpya, ikamchagua Layne. Ukumbi wa mazoezi wa chuo ulipewa jina la Nat Holman, na ndani ya ukumbi huo kijana wa chungu cha maua aliifundisha timu hadi mwaka 1988.

Holman alifariki Februari 12, 1995, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Riverdale, Bronx, akiwa na umri wa miaka 98. Alikuwa wa mwisho kuondoka kati ya wachezaji wa Original Celtics.